Mnyonya Damu Aliyegeuzwa Mchumba

Hadithi za mfu anyonyaye damu za walio hai zimesimuliwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1897 Bram Stoker, mwandishi mzaliwa wa Dublin, alizipa sura mashuhuri katika riwaya yake, Dracula. Humo mnyonya damu hawezi kuingia nyumba yoyote kwa mara ya kwanza asipokaribishwa na mmojawapo wa waliomo. Fundisho lake halihitaji ufafanuzi: mjue mgeni kabla ya kumfungulia mlango.

Kwa matarajio hayo nilikisoma kitabu cha Stephenie Meyer, Twilight, kilichotolewa Marekani mwaka 2005 na kupendwa mno na vijana. Bella, msichana wa miaka 17, ahamia Forks, mji mdogo wa mvua nyingi katika jimbo la Washington. Huko ampenda mwanafunzi mwenziwe, Edward, ambaye kumbe ni mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901. Upweke wa msichana huyo umeelezwa vizuri, na si ajabu vijana wengi kujiona ndani yake.

Lakini mwandishi ameuondoa ule mlango. Edward huingia chumbani mwa Bella usiku bila ya kukaribishwa, akamtazama alalapo. Naye Bella apatapo habari, badala ya kuogopa, aona fahari. Katika Eclipse, kitabu cha tatu, cha mwaka 2007, Edward aondoa kifaa katika injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki yake. Mzazi yeyote angeyaita matendo hayo kuvizia na kufungia. Humo yaitwa mapenzi. Tena Edward apigwapo na jua, ngozi yake humetameta kama almasi. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siilaumu riwaya kwa kusimulia mapenzi. Nasikitika kwamba mapenzi yenyewe hayana gharama. Katika Breaking Dawn, kitabu cha nne, cha mwaka 2008, Bella ageuka mnyonya damu, naye apata mume, mtoto na uzuri usiochakaa. Hata vita vilivyotazamiwa havipiganwi.

Mwalimu amwonapo mwanafunzi na kitabu hiki, asimpokonye. Heri amwulize: lau Edward asingekuwa na sura nzuri, tungemwitaje mtu anayenyemelea chumba cha msichana usiku?