Msichana Mja Mzito Asiachwe Peke Yake

Katika nyumba nyingi, habari ya kwamba binti wa shule amepata mimba hupokewa kwa ghadhabu. Baba hufoka, au hukaa kimya siku nyingi, mama hulia jikoni, majirani hunong'ona. Wazee wakiitwa, shauri la kwanza huwa ni aibu iliyoingia nyumbani, na la pili huwa ni mwanamume aliyempa mimba, kwamba ni nani na atalipa nini. Liko swali la tatu ambalo lingestahili kuwa la kwanza, nalo mara nyingi haliulizwi na mtu: ni nani atakayefuatana na mtoto huyu mpaka siku ya kujifungua, na baada ya siku hiyo?

Jambo hili si la nyumba chache. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya juu ya watu na afya, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19, 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umeonyesha 18, kwa hiyo hesabu imepungua, na hilo ni jema. Lakini hali si sawa kila mahali. Nyeri na Nyandarua walikuwa 5 tu katika kila 100. Narok walikuwa 28. West Pokot 36. Na Samburu walifika nusu ya wasichana wote wa umri huo.

Mimba ya mapema ina hatari zake za mwili. Msichana ambaye mifupa ya nyonga yake haijakomaa aweza kukaa katika uchungu muda mrefu, mtoto amekwama, na asipopata msaada wa hospitali huenda akapoteza mtoto au maisha yake mwenyewe, au akabaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo pasipo yeye kuweza kuuzuia. Kifafa cha mimba na homa za baada ya kuzaa humpata msichana zaidi kuliko mwanamke wa miaka 20 mpaka 24. Hayo waganga wanayajua, na dawa zake wanazo, maadamu mgonjwa amefika mapema.

Ila msichana wa namna hii hafiki mapema. Kwa kuwa anaona haya, hulificha tumbo chini ya sweta miezi mingi. Kliniki huikimbia kwa kuogopa kuulizwa mume wake yuko wapi mbele ya watu. Kichwa kikimwuma sana, macho yakiingia ukungu, uso na mikono ikivimba, hudhani ni uchovu tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hizo ndizo dalili za hatari. Basi juu ya hatari ya mwili huongezeka hatari ya pili, nayo ni upweke.

Zamani upweke huo haukuwako kwa namna hii. Mwanamke alipozaa, hakuzaa peke yake. Alizungukwa na wanawake waliokwisha kuzaa, mmoja akimkanda mgongo, mwingine akichemsha maji, mwingine akimsemesha ili asikate tamaa. Huko pwani kila mwari alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfunza mambo ya utu uzima na kumwongoza arusini. Na mzazi alilindwa ndani siku 40, akipikiwa na kuogeshwa. Si kila kilichofanywa zamani kilikuwa kizuri, maana wengi walikufa kwa kukosa daktari. Lakini mzazi alikuwa na mtu wa kumshika mkono.

Siku hizi watu wameelekea hospitali, na wamefanya vyema. Tarehe 1 Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na kufikia uchunguzi wa mwaka 2022, watoto 82 katika kila 100 walikuwa wakizaliwa katika hospitali na vituo vya afya. Faida yake ni kubwa mno. Hata hivyo, pamoja na hatari za kuzalia nyumbani, kuna jambo moja jema lililoachwa nyuma ya lango: yule mwanamke wa kukaa karibu na mzazi. Mkunga mmoja aweza kuwa na wazazi wengi kwa usiku mmoja. Hana nafasi ya kukaa na mmoja tu. Mwanamke mzima hustahimili. Msichana wa miaka 16, asiyejua kama maumivu anayoyasikia ni ya kawaida au ni ya kufa, hushikwa na hofu. Na hofu yenyewe huuzidisha uchungu.

Katika nchi za ng'ambo mwanamke anayeifanya kazi ya kukaa na mzazi huitwa dula. Neno hilo asili yake ni la Kigiriki, na maana yake ni mtumishi wa kike. Dana Raphael, mwanamke wa Marekani aliyechunguza desturi za watu, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kunyonyesha, na tangu hapo likaenea. Jina ni geni, lakini msomaji ataona kwamba kazi yenyewe si ngeni kwa bibi zake.

Mwaka 1980 madaktari, miongoni mwao Roberto Sosa, John Kennell na Marshall Klaus, walitangaza waliyoyaona katika hospitali moja ya nchi ya Guatemala, ambako wazazi walikuwa wakiachwa peke yao katika uchungu. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakizaa mara ya kwanza walipewa mwanamke wa kukaa nao. Hakuwa ndugu wala mwuguzi. Alimsugua mgongo, akamshika mkono, akazungumza naye. Uchungu wa waliokuwa na mwenzi ulichukua karibu saa 9, na wa waliokuwa peke yao zaidi ya saa 19. Wanawake waliopimwa walikuwa wachache, na watu walikuwa na haki ya kushuku.

Basi jambo hilo likajaribiwa mahali pengi. Nchini Botswana wanawake 109 waliokuwa wakizaa mara ya kwanza waligawanywa kwa kura; wengine waliruhusiwa kuwa na ndugu wa kike katika chumba cha kuzalia, na wengine hawakuwa naye. Taarifa ya mwaka 1999 ilieleza kwamba 91 katika kila 100 ya waliokuwa na ndugu walijifungua kwa njia ya kawaida pasipo kuvutwa mtoto wala kupasuliwa, na kwa wale wengine walikuwa 71. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio ya namna hii yaliyohusu zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17, wakaona kwamba mwanamke mwenye mwenzi huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi zaidi, naye hulalamika kidogo juu ya kuzaa kwake. Kwa hiyo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mzazi awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe.

Wasichana nao walitazamwa peke yao. Katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, wazazi vijana 312, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 18, waligawanywa vivyo hivyo. Katika waliopata dula, nusu yao walihudhuria mafundisho ya kujitayarisha kuzaa. Katika wale wengine walikuwa 10 tu katika kila 100. Wengi zaidi kati yao walianza kunyonyesha. Taarifa nyingine, ya mwaka 2013, juu ya wazazi vijana 248, ilisema kwamba mama aliyekuwa na dula alikuwa mwepesi zaidi wa kumtuliza mtoto wake anapolia, ijapokuwa tofauti hiyo ilipungua kadiri mtoto alivyokua. Haya yafaa kusemwa wazi, ili mtu asidhani kwamba mwenzi wa miezi michache ni dawa ya taabu zote. Mkono mmoja haulei mwana, na wala haulei mama mchanga.

Je, mwenzi huyu hufanya nini? Kwanza ijulikane asilolifanya. Yeye si mkunga. Hakati kitovu, hapimi njia ya uzazi, hatoi dawa ya hospitali wala ya miti shamba ya kuharakisha uchungu. Anayefanya hivyo ni mtu wa hatari na afukuzwe. Kazi yake ni kumpeleka msichana kliniki mapema na kukaa naye kwenye foleni. Kuyasoma pamoja naye yaliyoandikwa katika kitabu cha kliniki. Kuweka akiba ya nauli na kujua ni gari au pikipiki ya nani itakayoitwa usiku. Kutayarisha leso safi na nguo za mtoto. Damu ikitoka, chupa ikivunjika kabla ya siku, mtoto akiacha kucheza tumboni, hangoji asubuhi. Hospitalini humpa maji, humtembeza kidogo, humfuta jasho, na humwita mkunga kwa adabu panapo haja. Tena akiwako mtu mzima karibu, ni vigumu zaidi kwa mtu kumtukana msichana aliyelala kitandani.

Baada ya kuzaa kazi haijaisha. Chuchu huuma, mtoto hulia, na msichana hudhani hana maziwa, akatafuta maziwa ya ng'ombe. Mwenzi mwenye kujua humwonyesha namna ya kumweka mtoto kifuani. Huko Johannesburg, kwa taarifa ya mwaka 1991, wanawake wa kawaida wasiokuwa na elimu ya uuguzi walikaa na wazazi wakati wa uchungu tu. Na baada ya wiki 6, wazazi 51 katika kila 100 walikuwa wakimpa mtoto maziwa ya mama pekee, hali waliozaa pasipo mwenzi walikuwa 29. Mwenzi hutazama pia dalili za homa, na zile za huzuni nzito isiyoondoka, ambayo watu huiita uvivu au kiburi, kumbe ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Kisha huja habari ya shule. Tangu mwaka 1994 sera ya elimu ya Kenya imemruhusu msichana aliyezaa kurudi darasani, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo wa kueleza namna ya kurudi. Lakini ruhusa iliyoandikwa haimbebi mtoto wakati mama yake yumo darasani. Hapana budi pawe na mtu wa kupanga na jamaa nani atamlea, na wa kufuatana naye mpaka kwa mwalimu mkuu.

Wazazi wengine husema kwamba kumtendea hivyo ni kumbembeleza mkosaji, na kwamba wadogo zake watamwiga. Neno lao lisidharauliwe, maana latoka katika kupenda watoto wao. Lakini mtu akianguka kisimani kwa utundu wake, huvutwa kwanza, kisha huonywa. Wala si kila aliyepata mimba alifanya utundu. Wengine walidanganywa na watu wazima, na wengine walishikwa kwa nguvu, pengine na mtu wa nyumba ile ile. Habari kama hiyo msichana haisemi mbele ya baraza la wazee. Humwambia mwanamke mmoja anayemwamini. Mwenzi akisikia hivyo asiifiche, wala jamaa wasiimalize kwa mbuzi. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kushtakiwa.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Mwaka 2023 Serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, nao huzunguka vijijini nyumba kwa nyumba. Ingefaa wafundishwe kumtafuta msichana mja mzito anayejificha, na kumtafutia mwenzi. Hospitali nazo zingeweza kutenga kitanda na kitanda kwa pazia tu, ili ndugu wa kike aweze kuingia pasipo kuwaonea haya wazazi wengine. Hayo si mambo ya gharama kubwa.

Lakini jamaa hawana haja ya kungoja amri kutoka juu. Msichana na aulizwe mwenyewe amtaka nani: pengine ni shangazi, pengine nyanya, pengine mama mdogo, au mwanamke wa jirani mwenye moyo wa upole na ulimi usiochongea. Baba asiyeweza kuzungumza na binti yake kwa uchungu wa moyo aweza kumwita mwanamke huyo, akampa nauli, akamwambia: "Fuatana naye." Kufanya hivyo hakufuti kosa la mtu yeyote, wala hakumzuii baba kuendelea na shauri lake na wazee. Ila usiku ule uchungu utakapoanza, binti yake hataondoka nyumbani peke yake.