Huruma Yenu Inamkosesha Mathe Mkono

Wacha niseme tu: mtu aliyepigwa na kiharusi anaweza kupoteza mkono juu ya kupendwa sana.

Wengi mnadhani niliacha chuo juu ya hizi video. Zii. Ni mathe. Kiharusi kilimshika upande wa kulia, na yeye ni fundi wa nguo. Huo mkono ndio ulikuwa unalipa karo yangu.

Tangu atoke hospitali, mashangazi hawakosi kwetu. Wanamlisha, wanamfunga vifungo, wanamchana nywele. Akinyoosha mkono achukue kikombe, mtu ashakirukia. Nia ni safi, lakini ubongo unapata ujumbe mwingine: huu mkono hauna kazi tena.

Hii si stori yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alifanya utafiti na tumbili waliokatwa neva za kuhisi za mkono mmoja. Waliacha kuutumia, ingawa bado ungeweza kusonga. Alipowafunga ule mzima, ule mwingine ukarudi kazini. Yaani walikuwa wamejifunza kutoutumia.

Hapo ndipo yakatoka matibabu ya watu: mkono mzima unavalishwa glavu nene, ule dhaifu unapigishwa zoezi masaa mengi. Utafiti wa EXCITE, uliotoka 2006, ulihusisha Wamarekani 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Waliovaa glavu wiki 2 na kufanya mazoezi waliboreka kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka ukiisha, tofauti bado ilikuwepo.

Sasa usiende kumfunga mtu mkono kesho. Hiyo ni ya wale ambao kiganja na vidole bado vinasonga kidogo, na mtaalamu awe hapo.

Shida ni kwamba mtaalamu ni pesa. Sisi tunamwona mara moja kwa wiki. Na hata huko ng'ambo, Catherine Lang na wenzake walihesabu, wakachapisha 2009: kwenye kikao ambacho mkono ulifanyishwa kazi za kawaida, wastani ulikuwa mara 32 tu. Thelathini na mbili! Mathe akitoa minji kwa maganda, anapita hiyo kabla sufuria ichemke.

Kwa hivyo mathe anatoa minji. Mtaalamu wake alikubali. Shangazi mkubwa hakukubali: "Mama yako anafanya kazi na wewe umekaa ukimwangalia? Hiyo ni adabu gani?"

Nimekaa, shangazi, na kuangalia ndiyo kazi ngumu. Minji zinamwagika. Anakasirika. Siku zingine analia, na mimi nashika mikono yangu isimsaidie.

Juzi alijifunga vifungo viwili vya sweta. Uzi kwa sindano bado umemshinda, na cherehani bado imefunikwa shuka.

Kama kwenu kuna mgonjwa hivi, muulizeni mtaalamu ni kazi gani za nyumbani anaweza. Halafu weka kikombe karibu na ule mkono dhaifu. Kisiwe na chai moto. Kaa chini, ngoja. Akikwama kabisa, msaidie. Lakini ngoja kwanza.