Picha Ina Ukungu

Baba alianza kulalamika usiku wa Jumapili, 21 Januari 2024, Taifa Stars wakicheza na Zambia kwenye AFCON ya Ivory Coast. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, sebule yetu ya Mkolani ikalipuka, na baba, aliyekaa karibu na runinga kuliko sote, akauliza, "Nani kafunga?" Tulicheka. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha, Zambia wakiwa kumi tu uwanjani, na hapo hakuna aliyebaki na hamu ya kucheka. Baba akarudisha kiti nyuma. "Hiki kiboksi chako picha ina ukungu," alisema.

Kiboksi kilikuwa changu kweli. Nilikinunua Makoroboi, kwa mtu aliyekipanga juu ya turubai pamoja na rimoti na chaja za simu, nikakileta nyumbani kama zawadi ili baba aache kulipia king'amuzi kila mwezi. Kwa hiyo lile neno lilinichoma. Isitoshe, mimi ndiye msomi wa nyumba, nasoma shahada ya uzamili, na kwetu hiyo maana yake ni kwamba kila chenye waya ni changu kukitengeneza.

Nikaanza kazi. Mama alikuwa amefunika kiboksi kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio na hata mtungi wa gesi. Nikakitoa, maana kiboksi kikipata joto hujipunguzia kasi chenyewe kisije kikaungua. Nikabadilisha waya wa HDMI. Ruta ilikuwa chumbani kwa kaka, kuta mbili katikati; nikaihamishia sebuleni, nikakitoa kiboksi kwenye masafa ya 2.4 na kukiweka kwenye yale ya 5, yenye kasi zaidi ila hayapendi kuta. Nikapima: megabiti 6 kwa sekunde, zinazotosha picha ya 1080. Kisha nikagundua kwamba kiboksi chenyewe hakina kile cheti cha ulinzi ambacho huduma nyingi za kulipia hukidai, na kisicho nacho huishia picha ya 480, hata ukikilisha intaneti ya Ulaya nzima. Yule muuzaji alinionyesha maandishi ya 4K kwenye kasha. Hakudanganya. 4K ilikuwa kwenye kasha.

Nilimweleza baba haya yote. Nilimwambia kwamba video ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kimehifadhiwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na kiboksi huchagua kipande kinachofuata kwa kuangalia vilivyotangulia vimefika kwa kasi gani. Mtandao ukilegea, kinachukua kipande chepesi. Ndiyo maana picha huharibika kwa namna yake: nyuso zinakuwa miraba, nyasi za uwanja zinageuka uji wa kijani, halafu ghafla inatakata. Inapanda na kushuka. Baba aliitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia mchungaji.

"Ni ukungu, mama," alisema nilipomaliza. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Kama ule wa ziwani asubuhi."

Sikumsikia. Nilichukua rimoti nikaongeza mwanga, nikaongeza rangi, mpaka watangazaji wa taarifa ya habari wakawa kama wamepakwa mawese.

Mei ikaja kuniokoa. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kujikongoja. Kila ulichofungua kilizunguka tu. Nilifurahi, naona aibu kusema.

"Umeona, baba? Tatizo si kiboksi. Ni waya umekatika baharini."

"Umekatika tangu Januari?"

Mtandao uliporudi nilifanya jaribio nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Ukitaka kujua kosa liko wapi, unaondoa kitu kimoja kimoja. Nikaweka kwenye flashi video nzuri ya wavuvi, nikaichomeka moja kwa moja kwenye runinga. Hakuna kiboksi, hakuna ruta, hakuna bahari. Picha ilitoka safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu magamba ya sato.

"Sasa je?"

"Ukungu."

Nikakaa chini. Kilibaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekijaribu, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kiti.

"Baba, hiyo taa ya dari nayo ina ukungu?"

Akainua uso. "Taa zote zina ukungu. Zina duara. Za malori ndizo zaidi."

Baba anaendesha kirikuu. Saa kumi alfajiri anatoka Mkolani, anashika Barabara ya Kenyatta, anapita Nyegezi, Mkuyuni, mjini, hadi Mwaloni Kirumba kupakia dagaa, na njia nzima anapishana na malori. Miezi minne mimi nilikuwa napima megabiti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuuliza chochote, na kwa kutouliza kwake nikajua kwamba alijua. Baadaye jikoni aliniambia amekuwa akipanda naye tangu Machi, eti anakwenda kuchagua dagaa. Kazi yake ilikuwa kusema, "Baiskeli hapo mbele." Ada yangu ilikuwa inatoka kwenye kile kirikuu. Hakuna aliyelitaja hilo, nami sikutaka walitaje.

Kliniki ya macho hawakuchukua muda. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza uangavu taratibu, ikawa kama kioo cha bafuni, na hakuna dawa ya matone inayoitakatisha. Inatolewa, inawekwa ya plastiki. Daktari akauliza dalili zilianza lini. Baba akaninyooshea kidole. "Muulize huyu, ana maelezo yote."

Walianza na jicho la kulia. Juma lililofuata baba alikaa mbele ya runinga, akafumba jicho moja, kisha jingine. Timu moja ilivaa jezi nyeupe.

"Kwa hili ni nyeupe," alisema. "Kwa hili ni chai ya maziwa."

Akarudia, akarudia tena, anacheka peke yake. Kisha akakunja uso. "Mama, nani kaongeza mwanga hivi? Unachoma. Na hawa watu mbona wekundu?"

Nikachukua rimoti, nikaanza kushusha kila nilichokipandisha tangu Januari.

Funguo za kirikuu ziko kwenye pochi ya mama mpaka jicho la kushoto nalo lishughulikiwe. Kwa sasa anaendesha kaka, na baba anakaa pembeni yake, anamwambia baiskeli zilizo mbele.