Lugha ya Kompyuta na Mchezo wa Bao

Kwa miaka mingi sataranji imekuwa kipimo cha uwezo wa kompyuta. Mwaka 1997 mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa mchezo huo. Sisi tuliokulia barazani tulijiuliza: je, bao nalo halistahili kuandikiwa programu?

Tulipoianza kazi hiyo, swali la kwanza lilikuwa lugha. Wenzetu wa sataranji walitushauri tutumie C++, ambayo ndiyo lugha ya Stockfish, mojawapo ya programu hodari kabisa za mchezo wao. Hoja yao ni nzito. Programu ya namna hii hupima kila hatua pamoja na majibu yake. Kadiri inavyopima nyingi kwa sekunde moja, ndivyo ionavyo mbali. C++ hugeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine, basi huenda mbio. Python hufasiriwa wakati wa kazi yenyewe, nayo huenda polepole, ila husomeka kwa urahisi.

Tulichagua Python. Sheria za sataranji zimekwisha kuandikwa na kukubaliwa ulimwenguni, lakini sheria nyingi za bao zingali vinywani mwa wazee. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Hata hivyo ugumu wake haumo katika hesabu hiyo, bali katika kunamua, kutakata, mtaji na hadhi ya nyumba. Maneno hayo tuliyaacha yalivyo ndani ya programu, ingawa amri za lugha yenyewe zingali za Kiingereza.

Siku moja tulimsomea programu yetu mzee mmoja, fundi wa bao, mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye nyumba alituzuia: "Wanangu, mtu akitakata, nyumba haisafiri. Akifika hapo amelala." Kumbe tulikuwa tumeiruhusu nyumba isafiri katika kila hali, ilhali hiari hiyo ni ya anayekula. Kama tungetanguliza mbio, huenda tungepata mashine ya kasi ya ajabu ichezayo mchezo usio wetu.

Kasi yaweza kutafutwa baadaye. Sehemu nzito zitaandikwa upya kwa C++. Lakini wazee hawatungoji. Yatupasa kuandika kwanza kile wanachokijua, tena kwa namna ambayo wao wenyewe wataweza kutusahihisha.