Kitabu cha Pili

Zamani msomaji wa Kiswahili akishika kitabu cha maisha ya mtu, swali lake la kwanza lilikuwa: tunajifunza nini kwake? Siku hizi anauliza: ameficha nini? Wapo wanaosema siasa ndiyo iliyoua imani, na wapo wanaowalaumu vijana kwamba hawana tena heshima kwa wakubwa. Sikubaliani nao. Nadhani kilichombadilisha msomaji ni jambo la kawaida kabisa: kilichapishwa kitabu cha pili. Maisha yakisimuliwa mara moja tu, msomaji ana mawili, kuamini au kukirudisha kitabu rafuni. Tukio lilelile likisimuliwa na mwingine aliyekuwapo, au na mtoto wa aliyekuwapo, msomaji anajikuta amekuwa hakimu hata kama hakuiomba kazi hiyo.

Tuanze na Shaaban Robert, kwa kuwa wengi wetu ndiye aliyetufundisha kusoma maisha ya watu. Katika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, huyu karani wa zamani wa forodha ya Pangani hasimulii tu yaliyompata. Ameweka humo pia tenzi za kuwausia wanawe. Msomaji ameelekezwa na mwandishi mwenyewe asome kama mtoto anayeusiwa. Wasifu wa Siti binti Saad, aliouandika yeye pia, nao ulisomwa hivyohivyo shuleni kwa miaka mingi: binti maskini wa Fumba, muuza vyungu, ambaye sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mwanafunzi aliulizwa maadili, naye akajibu subira, bidii, kutokata tamaa. Sidharau usomaji huo. Kumwandikia wasifu mwanamke wa asili ya watumwa, tena mwimbaji, ilikuwa ni kutoa hoja nzito kuhusu nani anastahili kukumbukwa. Ila Laura Fair alipochapisha utafiti wake juu ya Unguja mwaka 2001, akitumia nyimbo zenyewe na kumbukumbu za wazee, alijitokeza Siti mwingine, wa Ng'ambo, ambaye nyimbo zake ziliwasuta wakubwa na mahakama zao, na majirani zake walizielewa vizuri. Siti hakupungua kwa hilo. Kilichopungua ni uwezo wa kitabu kimoja kusema kimemmaliza.

Mfano mzito zaidi ni wa historia ya TANU. Mwaka 1981 Chuo cha Kivukoni kilitoa Historia ya Chama cha TANU 1954 hadi 1977, na kwa miaka mingi simulizi ya namna ile ndiyo iliyofundishwa: chama kinazaliwa tarehe 7 Julai 1954, Nyerere yuko katikati, wengine wako pembeni. Mwaka 1998 Mohamed Said akatoa wasifu wa Abdulwahid Sykes kwa Kiingereza, na mwaka 2002 tafsiri yake ya Kiswahili ikachapishwa Nairobi. Humo mwanzo wa hadithi ulirudishwa nyuma hadi African Association ya 1929 na hadi Kleist Sykes, baba yake Abdulwahid, na wazee wa Dar es Salaam wakapewa majina na nyumba zao. Ubishi uliofuata haujaisha hadi leo. Kuna waliokipokea kitabu kile kama haki iliyocheleweshwa, na kuna waliokiona kinapima harakati nzima kwa kipimo cha dini. Kwangu, nani alishinda si jambo kubwa kama namna watu walivyobishana. Walitaka barua, picha, mihutasari ya mikutano. Waliuliza nani alikuwapo siku ile na nani alisimuliwa tu. Habari za Kleist, kwa kweli, zilikuwa zimeshaandikwa na mjukuu wake Daisy Sykes Buruku katika kitabu alichokihariri John Iliffe mwaka 1973, lakini kilikuwa cha Kiingereza na cha wasomi wa chuo. Kwa hiyo kitabu cha pili hakifanyi kazi yake kwa kuwapo tu. Sharti kiwafikie watu katika lugha wanayobishania.

Zanzibar, bila shaka, ndiko hasa wasomaji walikoingia darasa hili. John Okello alijieleza mwaka 1967 kuwa yeye ndiye jemadari wa Mapinduzi. Aman Thani Fairooz akajibu kutoka Dubai mwaka 1995 kwa kitabu ambacho hata jina lake, Ukweli ni Huu, ni la mtu aliyekwishachoka kubishana. Harith Ghassany akaleta mwaka 2010 ushahidi wa mdomo kutoka pande zote za maji, hadi kwa wakata mkonge wa Tanga. Na katika kitabu kimoja cha mwaka 2009 Thomas Burgess aliwaweka pamoja Ali Sultan Issa, mwanamapinduzi, na Seif Sharif Hamad, mpinzani mkubwa wa serikali iliyozaliwa na Mapinduzi hayohayo. Anayekifunga kitabu hicho akiwa bado na shujaa mmoja tu, basi amesoma nusu yake.

Nitapingwa hapa, na pingamizi lenye nguvu ni hili: vitabu vingi havikuleta mahakimu, vimeleta mashabiki. Kila mtu husoma kitabu cha upande wake na kutukana cha upande wa pili, mara nyingi bila kukifungua. Ni kweli, na inachosha. Hata hivyo shabiki anayetaka kumshinda mwenzake hulazimika kutafuta ukurasa, tarehe, jina la shahidi, na akishazoea kudai ushahidi kwa adui yake, siku moja atadaiwa yeye. Msomaji wa zamani hakudaiwa chochote. Wengine watasema marehemu hasemwi vibaya, na kupekua maisha ya wazee ni kuwavua nguo. Adabu hiyo naiheshimu matangani. Lakini mtu aliyeshika dola na akachapisha maisha yake ameyaleta mwenyewe barazani, na kumhoji ni kumchukulia kwa uzito kuliko kumsifu.

Benjamin Mkapa, nadhani, alilijua hilo. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2019 alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalitia doa urais wake, na ndilo jambo lililozungumzwa sana kitabu kilipotoka. Wako waliosema kwamba majuto ya mstaafu ni rahisi, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini kukiri huko kuliwakuta wasomaji waliokwisha kumsikia Seif Sharif, na hapakuwa na namna ya kuandika juu ya urais ule huku mwandishi akiiruka Pemba bila kuonekana anairuka. Mwaka 2021 Ali Hassan Mwinyi alitoa Mzee Rukhsa kwa Kiswahili, na uamuzi huo wa lugha una maana kuliko unavyoonekana: aliwapa wanaoweza kumbishia nafasi ya kumbishia.

Usomaji huu mpya unarudi nyuma pia. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa muda mrefu tuliyasoma kama hadithi ya ujasiri na ujanja: anahesabu frasila za pembe, na anasimulia waziwazi alivyowadanganya watu wa Utetera kuwa yeye ni wa damu ya mtemi wao, wakampa utawala. Maisha ya Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa Unguja, yamo katika kitabu cha Margery Perham cha mwaka 1936, kwa Kiingereza. Rashid hakumjibu Tippu Tip kwa jina, wala hakuhitaji. Anayemsoma Rashid kwanza, kisha akarudi kwenye zile hesabu za pembe, ataanza kuuliza jambo ambalo mwenye kitabu hakuliandika: nani alizibeba, na alirudi kwao?