Mtumishi na Kocha Wake

Ukocha wa maisha umeingia mijini kwetu kwa kishindo, nasi wasomi tumeupokea kwa dhihaka. Tunauchanganya na mahubiri ya wahamasishaji wanaojaza kumbi za hoteli na kumwambia mhasibu mwenye mkopo wa benki kwamba umaskini ni fikra tu. Wahamasishaji hao dhihaka inawastahili. Kocha ana kazi nyingine.

Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Kimarekani, alichapisha kitabu The Inner Game of Tennis, akidai kuwa mchezaji huzuiwa zaidi na mabishano ya kichwani mwake kuliko na mpinzani aliye upande wa pili wa wavu. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, aliyapeleka mawazo hayo maofisini. Kitabu chake cha mwaka 1992 kilieneza mazungumzo ya hatua nne: unataka nini, hali ikoje sasa, kuna njia zipi, utafanya nini. Kungwi wa pwani humfunda mwari, kocha hafundi. Huuliza, kisha hunyamaza na kusubiri.

Nani humuuliza mtumishi wetu hata swali la kwanza? Wengi wa wanafunzi wangu wa jioni ni watumishi wa umma. Mmoja wao, dada mwenye miaka 14 kazini, alijaza fomu za OPRAS mwaka baada ya mwaka, kisha akahamia PEPMIS. Mifumo yote miwili humtaka aeleze malengo ya taasisi na kiwango alichofikia. Haihusiki na kama kazi yenyewe bado ina maana kwake, na pengine si wajibu wake. Msimamizi naye hawezi kuuliza akapata jibu la kweli, kwa kuwa ndiye anayempima. Nyumbani wanamsikiliza, lakini ada za shule zinamsikiliza pia.

Dada huyu alikwenda kwa kocha mara sita, kwa fedha zake. Hakupandishwa cheo. Alichogundua ni kwamba alikuwa akikaimu nafasi moja na kubeba kazi za mwenzake aliyehamishwa, yote bila barua wala posho, kwa sababu kukataa kungehesabiwa utovu wa adabu. Na kocha wake wakaitunga sentensi ya kumwambia mkuu wa idara, akaisema kwa sauti mara kadhaa. "Mwalimu," aliniambia, "nilikuwa sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwangu." Kazi za yule mwenzake ziligawanywa upya. Kukaimu kunaendelea, ila sasa kuna barua.

Faida ni hiyo, na siioni kuwa ndogo: mtu kupata saa moja ambayo neno lake haliingii katika jalada lolote.

Ndiyo maana nina shaka mwajiri anapomleta kocha yeye mwenyewe. Mtumishi anayedai malimbikizo ya mshahara, au aliyecheleweshewa daraja, hana tatizo la fikra. Ana dai. Dai hilo ni la chama cha wafanyakazi, na likibidi, la mahakama. Kumkalisha na kocha ili ajifunze ustahimilivu ni kuligeuza kosa la taasisi kuwa udhaifu wa mtu. Tena, taarifa ya mazungumzo hayo inamwendea nani? Shirikisho la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, International Coaching Federation, lina kanuni za maadili zinazodai usiri, lakini katika nchi nyingi jina la kocha halilindwi na sheria. Yeyote mwenye kadi ya biashara analitumia.

Anayekusudia kwenda na aulize mambo mawili kabla ya kikao cha kwanza: nani anakulipa, na maelezo unayoandika yatasomwa na nani. Majibu ayapate kwa maandishi.