Mashimo Matatu Kilwa Kisiwani

Nilichimba bila ruhusa, nikachukua kisicho changu, na nilijua. Nasema nilijua kwa sababu kwa miaka miwili nimekuwa nikijitetea kwamba sikujua. Asiyejua hapandi mtumbwi alfajiri kuikwepa ofisi inayotoa ruhusa ya kuvuka kwenda kisiwani, pale Kilwa Masoko. Wala hafichi ditekta ya metali ndani ya mkeka.

Mashine hiyo niliinunua kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Nilikuwa nimesikia kwamba maji yakipwa, pwani ya Kilwa Kisiwani huonyesha pesa za shaba za masultani. Moyoni nilikuwa na hoja moja tu: pwani haina mwenyewe. Pwani nikaambulia misumari na vizibo vya soda. Basi nikapanda juu, nikaingia shamba la muhogo la bibi mmoja, kando ya msingi wa ukuta wa kale, na hapo mashine ikalia. Mwenye shamba hakuwepo, nami sikumtafuta. Nilichimba mashimo matatu. La mwisho, lililonimeza mkono hadi kiwiko, lilinipa pesa tano za shaba. Sikufukia hata moja. Maji yalikuwa yanajaa na mvuvi ananiita.

Nyumbani nilifanya jambo linaloniuma hadi leo. Nilizisugua kwa ndimu na majivu ili zing'ae. Kutu ya kijani ikatoka, herufi zikatoka nayo, na mbili zikabaki vibati vitupu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba pesa za Kilwa zina jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na kwamba pande hizo mbili zina vina kama mishororo ya shairi. Watu wa Kilwa walitia vina kwenye shaba ya kununulia kitoweo. Mimi nikavifuta kwa ndimu.

Tena hazina mwaka. Pesa hizo hazikupigwa tarehe, kwa hiyo umri wake husomwa kwenye udongo: tabaka gani, kigae gani kando yake, ushanga gani. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana pesa za fedha zaidi ya 2,000 zikiwa pamoja na chache za dhahabu za Wafatimi. Za dhahabu zina tarehe, nazo zikaonyesha karne ya 11. Ndipo Ali bin al-Hasan, mtawala wa Kilwa ambaye jina lake limo kwenye zile za fedha, na ambaye wasomi walikuwa wamemweka karne za baadaye zaidi, akarudishwa kwenye zama zake. Lau angetangulia mtu wa aina yangu, akachomoa dhahabu na kuondoka, kosa hilo lingebaki vitabuni.

Hatimaye nilizipeleka pesa zangu ofisi ya Mambo ya Kale. Afisa hakunigombeza. Alinieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, kisha akauliza: mahali gani hasa? Kina gani? Kulikuwa na vigae? Mkaa? Zote zilitoka pamoja? Nilikuwa na jibu moja, "shamba la muhogo," na nililirudia mpaka nikaona haya kufungua mdomo.

Kwa bibi nilikwenda mwisho, ilhali ndiye niliyepaswa kuanza naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe ni wewe." Mbuzi wake alikuwa amevunjika mguu kwenye shimo mojawapo, wakamchinja. Nilimlipa, akapokea bila kuhesabu. "Ungeniuliza, mwanangu, ningekwambia. Pale ni nyumba za watu. Sisi wenyewe jembe hatulizamishi."

Akanipa jembe hilo hilo. Tulifukia shimo la kwanza, tukafukia la pili. Lile lililotoa pesa tulilitafuta mpaka adhuhuri, baina ya muhogo na magugu yaliyoota kwa mvua za masika, na hatukulipata.